Batri ya gari la mgodi: kobalti haina kosa hapa

Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kutosha kobalti inje ya nchi. Mwezi wa kumi njia ikafunguliwa tena, lakini kwa kiasi chenye kupimwa kwa kila kampuni. Tangu hapo, hapa Bungulu, ukiuliza kwa nini batri ya gari imepanda bei, muuzishaji anakujibu: «Njo kobalti hiyo.»

Sisi wa sendika tunasema hapana. Batri ya kuwasha gari, ile ya volti 12, ndani yake kuko risasi na asidi. Kobalti ya Kolwezi inaenda kwa batri za telefone na za magari ya umeme, huko China na Ulaya. Zetu zinatoka bandari ya Mombasa, zinapita Uganda, zinaingia kwa Kasindi, na kila barieri ya njiani inakula fungu lake. Bei inapandia hapo.

Lakini shida yetu kubwa si bei. Ni ile batri ya bei ya chini ambayo bosi ananunua, kisha mchimbaji ndiye anailipa.

Mwaka uliopita udongo uliangukia mwenzetu ndani ya shimo, mguu ukavunjika. Gari la shantie likakataa kuwaka. Batri ilikuwa na miezi tatu tu! Tulisukuma ndani ya matope, wanaume kumi na wawili, mpaka saa tisa ya usiku, na kila mtu wa Beni anajua kukaa njiani saa hizo kunaweza kuleta nini. Mguu haukupona. Fundi alipoangalia ile batri alicheka kwa uchungu: ilikuwa ya zamani, imesafishwa, imetiwa asidi mpya na kubandikwa karatasi mpya.

Basi, ndugu, ukitumwa kununua, usiangalie karatasi. Inua batri: risasi ni nzito, na kati ya mbili za ukubwa sawa, ile nyepesi iache. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu batri inayolala mwaka mzima dukani inajiharibu yenyewe. Enda na fundi mwenye kipimo cha volti. Batri nzima, imepumzika, inaonyesha 12,6 ao zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12,4 haijajaa, wakujazie kwanza. Kisha muwashe gari mbele ya muuzishaji: wakati demareri inazunguka, volti zikianguka chini ya 9,6, mrudishie batri yake. Tena ampere zisipungue zile za batri ya kwanza, zaidi kwa gari la mazuti. Kama ni lori la volti 24, badilisha batri mbili pamoja. Ya zamani inaua mpya.

Na tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Usiku kwenye kambi tunatosha batri ya gari, tunaifunga kwa taa, kwa redio, kwa telefone ya kila mtu, mpaka iishe kabisa. Batri ya kuwasha gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiimaliza hivyo mara kadhaa, hata ile ya bei kali inakufa. Wa mama wanaopika pale walituambia zamani tutafute batri ya sola peke yake, hatukusikia. Pia fungeni batri vizuri na chuma chake, maana mashimo ya njia ya Manguredjipa yanavunja risasi ndani. Na gari likiwa linanguruma, kipimo kionyeshe kati ya 13,5 na 14,5. Kama sivyo, alternateri njo mgonjwa, mtanunua batri kila mwezi bure.

Tulipeleka ombi kwa wakubwa wa shantie: batri ya gari la wagonjwa inunuliwe mbele ya fundi na wajumbe wawili wa wachimbaji, fakturi na garanti zibaki na nakala kwetu. Wiki sita zimepita. Gari lile lingali linasimamishwa kwenye mteremko kila jioni, ili asubuhi liwake kwa kusukumwa.