Nuru Iliyosahauliwa Ndani ya Nyambizi ya Kale

Mgeni anayeshuka ndani ya Pampanito, nyambizi ya Marekani yenye makao yake San Francisco, huonyeshwa mambo mengi: mirija ya torpedo, injini za dizeli, vitanda vya mabaharia vilivyobanwa popote palipopatikana nafasi. Chombo hicho, chenye urefu wa meta 95 hivi, kiliingia katika utumishi wa jeshi mwaka 1943, na tangu mwaka 1982 wananchi wamekuwa wakikizuru kama jumba la makumbusho. Kitu ambacho ni nadra kuelezwa, katika nyambizi yoyote ya makumbusho, ni nuru inayomwezesha mgeni kuviona vifaa vyenyewe. Nuru huchukuliwa kuwa huduma ya jengo tu, kama choo au tikiti ya kuingilia.

Fikira hiyo haifai. Katika nyambizi ya miaka ya 1940 taa zilikuwa sehemu ya mtambo. Chombo kikiwa chini ya maji, injini za dizeli hazikuweza kupata hewa, na umeme wote ulitoka katika betri za risasi na asidi. Pampanito ilikuwa na seli 252 za namna hiyo, zilizogawanywa katika mafungu mawili ya seli 126. Kila seli hutoa volti 2 hivi, na kwa hiyo kila fungu lilitoa volti 250 kwa makadirio. Akiba hiyo ndiyo iliyozungusha rafadha na kupikia chakula, na ndiyo iliyowasha taa. Globu ya uzi wa tungsteni nayo ni mbadhirifu, kwani hugeuza asilimia 5 hivi tu ya umeme kuwa mwanga uonekanao. Sehemu iliyobaki huwa joto, na joto hilo halikuwa na pa kwenda ila katika hewa iliyovutwa na watu 80 waliofungiwa ndani ya chuma.

Makumbusho ya aina hii huelekea kufanya mojawapo ya makosa mawili. La kwanza ni kutundika mirija ya mwanga mweupe mkali, hata chumba cha torpedo kikafanana na ofisi ya karani. La pili ni kuijaza nyambizi nzima mwanga mwekundu, kama ionekanavyo katika sinema. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa mgeni hulidhania kuwa ndio ukweli wenyewe. Mwanga mwekundu haukuwekwa ili kutia watu hofu. Uliwekwa kwa sababu ya jicho, na mwanafunzi asiyeelezwa sababu hiyo huondoka na picha tupu.

Retina ya binadamu ina seli za aina mbili zipokeazo mwanga. Zenye umbo la pia hutumika mchana na hutambua rangi. Zenye umbo la fimbo hutumika gizani na hazitambui rangi. Seli za fimbo hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo huvunjwa na mwanga na hujengeka upya polepole, hata jicho likahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Anayeitazama karabai ya wavuvi kwa karibu, kisha akageukia bahari, anaujua upofu huo wa muda. Seli za fimbo huhisi zaidi mwanga wa nanometa 500 hivi, ulio kati ya buluu na kijani, na karibu hazihisi kabisa mwekundu mzito. Ndiyo maana maua ya mkrismasi huonekana kuwa meusi wakati wa magharibi ilhali majani yake bado yaonekana.

Basi baharia aliyetarajiwa kupanda juu kwa zamu ya usiku aliandaliwa mapema kwa taa nyekundu au kwa kuvaa miwani myekundu. Alipofika juu, macho yake yalikuwa tayari. Kwingineko, na hasa mchana, watu walisoma, walikula na walitengeneza mashine katika mwanga mweupe wa kawaida.

Historia ya Pampanito yenyewe yaonyesha kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Tarehe 15 Septemba 1944 iliwaokoa baharini Waingereza na Waaustralia 73, mateka wa vita waliokuwa katika meli ya Kijapani Rakuyo Maru, iliyozamishwa siku tatu kabla na nyambizi nyingine ya Marekani, Sealion. Watu hao waliingizwa ndani wakiwa wamepakaa mafuta mazito, wamedhoofu mno. Kidonda hakiwezi kukaguliwa katika mwanga mwekundu, kwa maana damu na ngozi hupoteza tofauti zake. Anayepaka wekundu kila chumba kwa ajili ya kusisimua wageni anaifuta kazi ya mtabibu wa chombo.

Wako watakaodai kuwa globu za zamani zirudishwe zote. Dai hilo nalo lina matatizo. Waya za kale zilizofunikwa kwa mpira huchakaa na kupasuka, wala hazistahili kubebeshwa mzigo. Zaidi ya hayo, tangu Agosti 2023 sheria ya Marekani hairuhusu kuuza globu za matumizi ya kawaida zisizofikisha lumeni 45 kwa kila wati, na globu ya tungsteni haifiki hata nusu ya kiwango hicho. Taa za LED ndani ya vishikio vya asili ni ufumbuzi wa busara, ili mradi mtunzaji asitosheke na neno "nyekundu" lililoandikwa kwenye boksi. Seli za fimbo huuhisi mwanga wa nanometa 620 karibu mara 10 zaidi kuliko ule wa nanometa 650. Taa mbili zaweza kuitwa nyekundu, na moja tu ikafanya kazi iliyokusudiwa. Aidha, uzi wa tungsteni ukipunguziwa umeme huelekea wekundu, hali LED nyingi hubaki na rangi ile ile.

Taa za dharura ni lazima ziwepo, maana milango ni mifupi na ngazi ni kali; ila zionekane wazi kuwa ni za leo, zisivikwe mavazi ya mwaka 1943. Kishikio cha asili kisitobolewe. Chumba kimoja kidogo kibakizwe na globu halisi za tungsteni, japo kwa saa chache, ili mgeni alihisi joto lake usoni.

Na katika mnara, kiongozi wa wageni azime taa nyeupe, awashe nyekundu, kisha awape wanafunzi ramani iliyochorwa kwa wino mweusi na mwekundu. Mistari myekundu itapotea karatasini mbele ya macho yao. Taa nyeupe zikiwashwa tena, itaonekana mahali pake kama kwamba haikuondoka.