KAMBALE SI SHAHIDI WA MTO

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia maneno ya ndugu zetu wenye mialo ya kuoshea dhahabu kule juu. Wanasema: "Mto una shida gani? Mbona kambale bado wanavuliwa?" Maneno hayo tunayakataa kabisa.

Kambale hupumua hewa ya juu. Hukaa hata kwenye tope la bwawa linalokauka, kila mtoto wa Usukumani anajua. Kamongo ndiyo kabisa, hulala udongoni kiangazi kizima. Sasa shahidi ambaye maji yakioza yeye yumo tu, atatuambia nini? Tuulize ningu yuko wapi, yule anayetoka ziwani wakati wa mvua kupanda mito akatage. (Nyavu zetu nazo zimemmaliza sana, tusifiche.)

Darasa letu la kisomo cha watu wazima liligeuza mawe. Juu ya mialo tulikuta wadudu wadogo wenye mikia mitatu, wengine wanaojijengea vijumba vya mchanga, na kaa. Chini ya mialo mawe yamefunikwa na tope laini. Tulikuta vijidudu vyekundu kama uzi, basi! Si uchawi. Wale wa mikia mitatu wana matamvua ubavuni, tope likiwaziba wanakufa. Vile vyekundu vina damu inayoshika hewa hata ikiwa haba. Wako watu waliotucheka kwamba wazee wanacheza na wadudu. Wajue kwamba Tanzania ina kipimo cha mito kwa wadudu hao hao, kinaitwa TARISS, kilitangazwa mwaka 2015, na kila aina ya mdudu ina alama zake.

Zebaki ni jambo jingine, haionekani kwa kugeuza jiwe. Ikikaa kwenye tope hugeuka sumu kali zaidi, ikaingia kwa wadudu, kwa samaki wadogo, ikajazana kwa samaki mkubwa anayekula wenzake. Naye anaonekana mnono! Ndiye tunayempa mama mjamzito, eti tunamtunza. Kule Minamata, Japani, ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba yao, na watoto walizaliwa wamelemaa. Mkataba wa zebaki wenye jina la mji huo nchi yetu iliuridhia mwaka 2020.

Hatuwachukii wachimbaji. Watoto wetu wamo humo, na bati nyingi hapa kijijini ni za dhahabu, si za pamba. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 toka ukingoni. Tumepima kwa kamba: mwalo mmoja uko hatua 18. Tunadai uhamishwe, marudio yachimbiwe shimo, na zebaki isiguse mto.

Jumamosi saa 2 asubuhi tutageuza mawe tena pale kivukoni. Wenye mialo tunawaita kwa heshima, waje wavue viatu wageuze wenyewe. Mwenye ndoo nyeupe aje nayo, ya darasa imetoboka.

Katibu