Nani Kasema Mura Amekwisha?

KIJIWE CHA NYAKUNGURU
Na Mwita wa Baiskeli

Jumamosi iliyopita Mwita alikwenda uwanjani kwa shida zake binafsi: kumdai mtu. Wasomaji wa safu hii wanamfahamu mdaiwa. Ni yule yule wa mabati, na habari ya mabati iachwe hapo hapo, kwa sababu mvua imeshaanza kunyesha na fedha bado haijaonekana. Baiskeli aliiegemeza kwenye mti, akaifunga minyororo miwili. Sababu ya mnyororo wa pili nayo wasomaji wanaikumbuka.

Uwanjani vijana wa sekondari walikuwa wanachujwa kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA. Mbio zilikuwa zimekwisha, miruko imekwisha, ikawa zamu ya mkuki. Akaitwa kijana mmoja wa kidato cha tatu. Jina lake halitaandikwa hapa. Ana miaka 16, ana mama, na kijiji kimeshalitumia jina hilo vya kutosha. Akashika mkuki, akahesabu hatua zake, akakimbia, akarusha. Mkuki ukayumba hewani kama kuku anayeruka ua, ukalala ubavu hatua chache tu mbele ya mwalimu aliyeshika utepe. Kijana hakutazama hata ulipoangukia. Alijishika kiwiko, akainama.

Ndipo sauti ikatoka chini ya mwembe. "Mura amekwisha!" Mura kwetu Wakuria ni kijana.

Watu wakacheka. Mwenye sauti, alipoona amechekewa, akaongeza chumvi: kijana amelewa sifa, kijana anapenda wasichana, kijana siku hizi anavaa miwani ya jua. Kila sababu ilipata mtu wa kuitikia "kweli kabisa". Hakuna hata mmoja aliyetaja kiwiko, ingawa kiwiko kilikuwa pale pale mbele ya macho yao, kimevimba.

Mwita akasahau deni.

Alisahau deni kwa sababu anamkumbuka huyo wa mwembeni mwaka jana. Siku ile mkuki wa kijana yule yule ulivuka mstari wa mwisho wa chokaa, ukavuka njia ya ng'ombe, ukaenda kujichomeka katika shamba la mihogo. Haukupimwa, maana utepe wa shule uliishia njiani. Wa kwanza kuingia shambani kuung'oa alikuwa nani? Huyu huyu. Aliubeba begani, akazunguka nao uwanja mzima kama aliyetoka kuua simba, huku mwenye mihogo akimfuata nyuma akidai fidia. Hadi jua linazama, kijana alikuwa na jina jipya: Yego.

Kwa msiomjua, Julius Yego ni Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, kisha akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mita 92! Kijana wetu, ambaye mrusho wake haukupata hata utepe wa kuupima, akapewa jina la mtu wa mita 92 na watu ambao hawajawahi kuushika mkuki tangu ule wa babu zao uuzwe kwa watalii.

Kuanzia hapo mkono wa yule kijana ukawa mali ya umma, kama kisima. Akija mgeni shuleni, kijana aitwe arushe. Mahafali ya kidato cha nne, arushe. Mkutano wa hadhara, arushe kabla ya hotuba ili watu wakae, na arushe tena baada ya hotuba kwa sababu mpiga picha alichelewa. Mwita alikuwapo siku hiyo ya mpiga picha, na analazimika kukiri kwamba alipiga makofi. Alipiga mara zote mbili.

Hakuna aliyemwambia kijana apashe misuli kwanza. Hakuna aliyempa siku ya kupumzika. Akitoka kurusha alikwenda kukata majani ya ng'ombe kwa mkono ule ule. Kiwiko kilipoanza kuuma, kilikandwa kwa maji ya moto na chumvi, na mwenye kiwiko akaambiwa ajikaze, yeye ni Mkuria. Maneno hayo yametumika kutibu kila kitu katika Wilaya ya Tarime, kuanzia jino hadi malaria, na makaburi yetu yanajua matokeo yake.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao mtu mmoja husimama katikati ya uwanja na kazi yake ni kurusha mpira kwa nguvu zote, tena na tena, mwingine aupige kwa gongo. Wameshaharibu mikono mingi ya watoto hadi wakatia akili. Katika ligi yao ya watoto, Little League, tangu mwaka 2007 mirusho inahesabiwa: mwenye miaka 11 au 12 haruhusiwi kupita 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku 4. Kuna mtu mzima anakaa pembeni na kalamu, anahesabu mirusho ya mtoto! Sisi tuna kalamu za kuhesabu michango ya harusi hadi shilingi ya mwisho, na mwenye deni la harusi anafuatwa hadi ng'ambo ya Mto Mara. Kiwiko cha mtoto hakina kamati.

Basi Mwita akasogea mwembeni.

"Tata," akamwambia, maana mtu ni mkubwa kwake na heshima haivunjwi hata kwa hasira, "unamjua Collins Obuya?"

"Wa Gor Mahia?"

"Wa kriketi. Mkenya."

Mwembe mzima ukacheka. Kriketi! Mmoja akauliza kama Mwita siku hizi anasoma magazeti ya kufungia maandazi. Ni kweli anayasoma, lakini Obuya hakumpata huko. Alimpata redioni, mwaka 2003, alipokuwa ng'ambo ya Sirari, upande wa Isebania, akifanya ile biashara ambayo wasomaji walishaombwa waisahau.

Mwaka huo Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache zikapelekwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand waliogopa usalama, wakakataa kwenda Nairobi, Kenya ikapewa pointi za bure. Dunia ikasema hao ni wa kubebwa tu. Tarehe 24 Februari wakaja Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka 1996. Kenya wakapiga mikimbio 210, kaka yake Obuya, Kennedy Otieno, akiwa ndiye aliyepata mingi zaidi. Halafu mpira akapewa Collins, kijana wa miaka 21, mrushaji wa mipira ya kuzungusha, ile inayodunda ikaenda upande ambao mpigaji hakuutarajia. Akawatoa watu 5 kwa kuruhusu mikimbio 24 tu. Mmoja wao alikuwa Aravinda de Silva, yule aliyepiga 107 kwenye fainali ya mwaka 1996. Wengine ni Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Mwenye jirani anayefuata kriketi akamuulize hao ni nani. Sri Lanka wakaishia 157. Kenya wakaendelea hadi nusu fainali, walikokwenda kuangukia kwa India mjini Durban.

Nairobi ililala macho. Obuya akawa ndiye mrushaji wa kesho, na si wa Kenya tu. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamsajili msimu huo huo wa 2003.

"Halafu?" akauliza wa mwembeni, ambaye alikuwa ameacha kutafuna muwa.

Halafu goti. Goti lilimsumbua huko Uingereza, likapasuliwa, na msimu ukapita bila zile sifa zilizomtangulia. Aliporudi nyumbani akakuta nyumba inavuja. Baada ya nusu fainali ile, Kenya haikupewa mechi za kutosha na mataifa makubwa; chama cha kriketi kikawa cha ugomvi, wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo, chama chenyewe kikavunjika. Mpira wa kuzungusha unataka kurushwa kila siku na unataka mechi za kuunoa. Ile mipira iliyokuwa ikimtii Obuya ikaanza kumpotea, hadi ikafika siku hakuna aliyemhesabu tena kuwa mrushaji.

"Si ndiyo nilisema," wa mwembeni akadakia, "alikwisha!"

Hapa Mwita alipandisha sauti kidogo, na anaomba radhi kwa akina mama waliokuwa wanauza karanga.

Hakuisha. Alishika gongo. Aliyekuwa mrushaji akajifunza upya, akawa mpigaji, kazi nyingine kabisa, kama kipa akageuka kuwa mshambuliaji akiwa ameshazeeka kwa hesabu za washabiki. Tarehe 13 Machi 2011, kwenye Kombe la Dunia, mjini Bengaluru, dhidi ya Australia, alisimama mpaka mpira wa mwisho akiwa na mikimbio 98, hakuna Mwaustralia aliyeweza kumtoa. Kenya walifungwa, ndiyo. Walifungwa kila mechi ya mashindano yale. Mwaka huo huo akakabidhiwa unahodha wa timu ya taifa. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za siku moja, na yeye akaendelea kuvaa jezi ileile. Alistaafu Machi 2024, baada ya Michezo ya Afrika mjini Accra, akiwa na miaka 42.

Kukawa kimya chini ya mwembe. Mwita akadhani ameshinda. Wa mwembeni akatema kapi la muwa, akafikiri, akasema:

"Ningekuwa mimi, ningemalizia ile miwili ifike 100."

Huyo ndiye mtu tunayemwachia watoto wetu.

Mwita hana subira na wanaosema vipaji vya Tanzania vinakufa kwa uvivu wa vijana. Vinakufa kwa kuvunwa vikiwa vibichi. Tunamwona mtoto ana mkono, au mguu, au sauti, tunampa jina la mtu mzima wa nchi nyingine, tunamtumia kupamba sherehe zetu, na siku kiungo kinapogoma tunadai yeye ndiye aliyetuangusha. Hii ni sababu moja, na Mwita haoni haja ya kutafuta ya pili.

Mkoa huu huu wa Mara ulimtoa Suleiman Nyambui, mtu wa Majita. Medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni 2, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: ya Filbert Bayi ya kuruka viunzi na maji, na ya Nyambui ya mita 5,000. Nyambui alikuwa na miaka 27 siku ile. Ishirini na saba! Alikuwa amekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso na kukimbilia chuo hicho, mahali penye kocha, ratiba na daktari. Kwa kipimo cha mwembe wa Nyakunguru, mtu wa miaka 27 ameshakwisha mara tatu na matanga yamekwisha kuliwa.

Hayo nayo Mwita alitaka kuyasema, ila wa mwembeni alishageukia upande wa pili wa uwanja.

Kuhusu kijana, mambo ni haya. Mwaka jana watu wazima wa kijiji hiki walichanga wakamshonea jezi yenye jina la Yego mgongoni, na picha ya kumkabidhi ipo. Jumamosi hiyo mwalimu alisema kiwiko kitazamwe hospitali, Tarime mjini, na akauliza nani ana nauli ya bodaboda. Waliochangia jezi wengi walikuwapo. Jumatatu kijana alipelekwa. Nauli ilitoka kwa mama yake, aliyeuza kuku wawili. Daktari amesema apumzike, asirushe kitu mpaka arudi kumwona tena. Jezi imeanikwa kwenye kamba, na mdogo wake ndiye anayeivaa kuchungia.

Deni la mabati halikulipwa. Mdaiwa alitokomea wakati Mwita akihutubia kriketi, jambo ambalo wasomaji wa safu hii walishalikisia tangu aya ya kwanza.

Lakini wakati Mwita anafungua ule mnyororo wa pili, alisikia shangwe. Wa mwembeni alikuwa amepata mwingine: binti wa kidato cha kwanza, mwembamba, anayetupa tufe kuliko wavulana. Jina ameshapewa, la Mmarekani fulani. Walikuwa wanamtaka atupe tena, na tena, ili azoee kabla ya mgeni rasmi kuja. Safari hii Mwita aliegemea baiskeli yake, akahesabu. Binti alitupa mara 31, na mgeni rasmi alikuwa bado hajafika.