Mafuta yanayoubana moyo

Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1988, ndilo la mwisho katika msururu wa mabwawa matano ya mto Tana. Bwawa haliharibiki kwa kubomoka ukuta tu. Tope likijaa, ukuta husimama imara na mitambo huzunguka, lakini nafasi ya maji imepungua.

Moyo nao waweza kupatwa na hali kama hiyo. Wengi hudhani moyo hushindwa kazi pale tu unapokosa nguvu za kusukuma damu. La hasha! Kuna wagonjwa ambao moyo wao husukuma vizuri, ila haulegei kupokea damu ya kutosha. Damu husongamana hadi mapafuni, mgonjwa akatweta akipanda ngazi na miguu ikamvimba.

Mojawapo ya mambo yanayochangia ni mafuta yaliyoushika moyo wenyewe. Kila mtu anayo, na yakiwa ya kiasi yana faida: huulisha moyo na kuukinga. Balaa huanza yakizidi. Hakuna utando unaoyatenga na msuli wa moyo, kwa hivyo kemikali mbaya yanazotoa huingia moja kwa moja msulini na kuufanya mgumu. Isitoshe, mfuko unaouzunguka moyo hautanuki upesi. Mafuta yakijaa humo, moyo hubanwa.

Hata hivyo, tusiyatwike mafuta lawama zote. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, uliofanywa katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha moyo kushindwa kazi ni shinikizo la damu. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Huyo ni mzazi ambaye bado analipa karo!

Kijana wa Kiambere akirudi nyumbani Krismasi na kitambi, jamaa humsifu kwamba Nairobi imemkubali. Lakini mafuta ya tumboni na yale ya moyoni huongezeka pamoja. Akina mama pia wajihadhari: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulipata asilimia 38.5 ya wanawake wana uzito kupita kiasi, wanaume wakiwa asilimia 17.5.

Ufanyeje basi, msomaji? Chukua uzi, upime kiuno chako. Kikizidi nusu ya urefu wako, hiyo ni ilani. Punguza vibanzi, soda na chumvi. Rudia mtama, kunde na ndengu tulizolelewa nazo. Tembea kila siku. Pima shinikizo la damu hata kama huumwi.

Na mzazi wako akianza kuhema ovyo au kulala kwa mito mitatu, usiseme ni uzee. Mpeleke hospitalini moyo wake ukapigwe picha. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini tiba ya mapema ni bora kuliko matanga.