Goma bila kiwanja cha ndege: tiketi ya bei rahisi inakuwa rahisi kwa nani?

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma na kukamata kiwanja cha ndege, mkaaji wa mji huu anayetaka kusafiri mbali anaanza safari yake kwa miguu ao kwa moto, kuelekea mpaka. Mwaka wa 2025 ulimalizika bila ndege moja ya kawaida ya abiria kushuka hapa. Tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka huo, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja kingefunguliwa katika majuma machache kwa ajili ya ndege za misaada. Waasi walijibu kwamba jambo hilo halikujadiliwa nao. Mazungumzo yakaendelea, na abiria wakaendelea kupanda basi.

Watu wa Goma wamezoea kiwanja chenye taabu. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na bado ndege zikaendelea kutua kwenye kipande kilichobaki. Mwaka 2021 lava ilisimama karibu kabisa, na baada ya muda mfupi kazi ikarudi. Volkano haikuweza kukifunga kwa muda mrefu hivi.

Kuna swali ambalo familia nyingi zinajiuliza sasa: mtoto amepata masomo Canada, mama anapaswa kupelekwa India kwa matibabu, mfanyabiashara anataka kurudi Dubai kuchukua mali. Tiketi inunuliwe wapi, ianzie wapi, na inunuliwe na nani? Zamani ilitosha kulinganisha bei mbili tatu. Leo bei iliyoandikwa kwenye simu ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingine si sehemu kubwa.

Tuangalie kwanza milango iliyobaki. Ulio karibu zaidi ni Kigali. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilometa kama 150, saa tatu ao nne kwa basi. Pale utapata RwandAir, Ethiopian Airlines, Kenya Airways, Brussels Airlines, KLM, Turkish Airlines na Qatar Airways. Si kidogo kwa mji wa ukubwa ule, lakini kwa kila upande wa dunia wanaoshindana ni wachache, na ushindani ndio unaoshusha bei.

Hapo siasa pia inaingia katika mfuko wa abiria. Mwezi wa tano 2022 Kinshasa ilisimamisha ndege za RwandAir katika miji ya Kongo. Mwezi wa pili 2025 ikaenda mbali zaidi na kufunga anga lake kwa ndege zote zilizoandikishwa Rwanda. Tazama ramani: ndege inayotoka Kigali kuelekea magharibi ya Afrika ao Ulaya, na hairuhusiwi kupita juu ya Kongo, inapaswa kuzunguka. Kuzunguka ni mafuta, na mafuta kuna mtu anayeyalipa. Makampuni mengine yanayotua Kigali hayana kizuizi hicho, kwa hiyo mtu asifikiri kwamba ndege ya mwenye nyumba lazima iwe na bei nzuri ao muda mfupi kuliko za wageni.

Mlango wa pili ni Entebbe. Mwezi wa saba 2025 Uganda ilifungua tena mpaka wa Bunagana na wa Ishasha, na tangu hapo njia ya Rutshuru, Bunagana, Kisoro hadi Kampala imekuwa na watu. Entebbe ina Emirates, ambayo haitui Kigali, na ina Uganda Airlines inayokwenda Dubai, Mumbai, na tangu mwezi wa tano 2025, London Gatwick. Kwa mgonjwa anayekwenda India, ndege moja toka Entebbe hadi Mumbai inaweza kuwa na thamani kuliko tiketi nafuu kidogo yenye kubadilisha ndege mara mbili. Lakini barabara ni ndefu, inachukua siku nzima ao zaidi, na sehemu yake ya kwanza inapita katika eneo ambalo hali inaweza kubadilika asubuhi moja.

Mlango wa tatu, Nairobi, una makampuni mengi kuliko yote. Bei za Nairobi zinavutia sana kwenye simu. Ni pale hasa ndipo watu wa Goma wanapoteza feza, na nitaeleza kwa nini.

Kinshasa, safari ya mbali

Kabla ya hapo, tuseme neno juu ya Kinshasa. Ni zaidi ya kilometa 1,500 toka hapa, na mbele ya vita ilikuwa ndege ya ndani: ulipanda asubuhi, ukala chakula cha jioni kwa ndugu yako Ngaliema. Leo mtu wa Goma anayekwenda katika mji mkuu wa nchi yake anatoka Kongo, anaingia Rwanda, anapanda ndege ya kimataifa hadi Addis Ababa ao Nairobi, kisha anarudi nyuma kuelekea magharibi. Wengine wanapita Bunagana hadi Entebbe, wengine wanazunguka Uganda na kuingia tena Kongo kwa Kasindi ili wapande ndege ya ndani pale Beni. Mwanafunzi, mfanyakazi wa serkali, mjane anayefuata hati za marehemu, wote wanalipa bei ya safari ya nje ili wabaki ndani ya nchi.

Kuna jambo la ajabu katika hesabu hiyo. Kwa miaka mingi abiria aliyetoka Kongo alilipa Go-Pass, dola 50 kwa safari ya nje na 10 kwa ya ndani, na tulilalamika sana. Sasa msafiri wa Goma anayepandia Kigali halipi Go-Pass, lakini ushuru wa kiwanja cha Kigali umo ndani ya tiketi yake, basi ni la Rwanda, na akilala usiku mmoja, chumba ni cha Rwanda. Kinshasa inasema, na ina haki, kwamba kusimamia anga ni kazi ya serkali. Waasi wanasema hakuna kitakachofunguliwa bila wao. Hakuna kampuni ya ndege wala ya bima itakayoleta ndege mahali ambapo haijulikani nani anaongoza mnara. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinajua nani analipa wakati huo wote, na hilo haliwaharakishi.

Tiketi moja ao tiketi mbili

Turudi kwa Nairobi. Chukua mfano. Kijana anaona kwenye simu kwamba Nairobi hadi Dubai ni rahisi kwa dola 120 kuliko Kigali hadi Dubai. Anainunua. Kisha ananunua tiketi nyingine, Kigali hadi Nairobi, kwa kampuni tofauti. Anahesabu faida yake, anafurahi.

Siku ya safari ndege ya kwanza inachelewa saa nne. Kampuni ya kwanza ilimwahidi kumfikisha Nairobi, na imemfikisha. Kampuni ya pili inaona abiria ambaye hakuja. Kwake yeye kiti kimepotea, na kama tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi, mara nyingi hata kurudi kunafutwa. Mizigo nayo haipiti moja kwa moja: anapaswa kuingia Kenya, achukue mabegi, aanze upya kwenye foleni. Faida ya dola 120 imekwisha, na sasa ananunua tiketi ya siku hiyo hiyo, ambayo ndiyo ya bei kali kuliko zote.

Kama safari yote toka Kigali hadi Dubai ingekuwa katika tiketi moja, hata kwa ndege mbili, kuchelewa kungekuwa tatizo la kampuni: wao ndio wanamtafutia ndege inayofuata, na mizigo inakwenda hadi mwisho. Kwa mtu wa London ao Nairobi, kugawanya tiketi ni mchezo wa kuokoa feza kidogo. Akikosa ndege anarudi nyumbani kulala. Kwa mtu wa Goma hakuna pa kurudi bila kuvuka mpaka tena.

Na mpaka wenyewe ni tiketi ya tatu ambayo haina maandishi. Mwezi wa sita 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi pale Petite Barrière, mpaka ulianza kufungwa saa tisa alasiri. Tangu hapo saa zimebadilishwa tena na tena. Mtu anayepanda ndege ya usiku Kigali na kuvuka mpaka siku ile ile anacheza bahati nasibu. Kulala Gisenyi ao Kigali usiku mmoja kuingizwe katika bei tangu mwanzo. Na jetoni ya kuvukia mpaka haitoshi kupanda ndege: pasipoti inatakiwa, nchi nyingi zinaomba iwe na miezi sita mbele, pamoja na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Pasipoti ya Kongo ilishushwa toka dola 185 hadi 99 mwaka 2020, lakini punguzo halimsaidii mtu ambaye ofisi ya kuitoa imefungwa mjini kwake. Kabla ya kutafuta bei, fungua pasipoti uangalie tarehe.

Nani analipa, nani anarudishiwa

Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Wengi wenye akaunti wanavuka Gisenyi kutafuta feza zao, ao wanategemea simu na kukatwa asilimia. Kununua tiketi kwenye intaneti kunahitaji kadi inayokubalika kimataifa na yenye feza ndani. Kwa hiyo njia mbili zimebaki: ndugu aliye Ulaya ao Marekani, ao ajansi.

Ndugu analipa kwa kadi yake dakika tano, na tiketi inafika kwa WhatsApp. Ni njia nzuri, lakini mambo mawili hayasemwi. La kwanza, baadhi ya makampuni huomba kuona kadi iliyolipa, ao idhini ya mwenye kadi, wakati msafiri anapofika kiwanjani. Ndugu aulize mbele ya kulipa. La pili, safari ikifutwa, feza inarudi kwenye kadi ile ile, Brussels ao Montréal, hata kama wewe ndiwe uliyemtumia ndugu feza hizo taslimu. Familia zimegombana kwa sababu hiyo. Andikianeni mapema nani ni mwenye feza.

Ajansi ina faida yake: unalipa dola mkononi, unaongea Kiswahili, na kukiwa na shida kuna mlango wa kugonga. Lakini nyingi ni ndogo, hazina kibali cha IATA, na zinanunua kupitia ajansi nyingine Kinshasa, Kigali ao Kampala. Kati yako na ndege kunakuwa na watu watatu, na kila mmoja anaongeza kitu chake.

Hatari kubwa si hayo makumi ya dola. Ni tofauti kati ya reservation na tiketi. Nilidanganyika mimi mwenyewe zamani: ajansi moja ilinipa karatasi nzuri yenye nembo ya kampuni, saa, na herufi sita za reservation. Jina langu lilikuwamo kweli kwenye mtandao wa kampuni. Siku tatu baadaye halikuwamo tena, kwa sababu kiti kilishikwa tu, hakikulipwa. Niliporudi niliambiwa, “Papa, mtandao ulikuwa na shida, ongeza dola themanini, bei imepanda.”

Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza zinataja kampuni: 071 ni Ethiopian, 459 RwandAir, 706 Kenya Airways, 082 Brussels Airlines, 074 KLM, 235 Turkish, 157 Qatar. Karatasi isiyo na namba hiyo bado si tiketi. Usitoe feza yote mbele ya kuiona, na ukiipata, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni kwa zile herufi sita na jina, uone kama safari imethibitishwa.

Kwa upande wa jina, Wakongo tuna shida yetu ya pekee. Tuna nom, postnom na prénom, na fomu za ndege zina nafasi mbili tu. Kila ajansi inakisia kwa namna yake, na kusahihisha kunalipiwa. Usikisie: angalia mistari miwili chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti. Yaliyo mbele ya alama mbili za << ni jina la ukoo kwa macho ya mashine. Yaliyo nyuma yake ni jina lako. Nakili hivyo hivyo.

Tovuti kubwa za kigeni zinazolinganisha bei zinafaa kwa kutazama. Kununua kwao ni jambo lingine, hasa kwetu. Ukitaka kubadilisha tarehe kwa sababu barabara imefungwa, kampuni ya ndege itakuambia urudi kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia ni namba ya simu katika bara lingine. Mara nyingi bei ya kampuni yenyewe iko karibu na ile. Tofauti ikiwa ndogo, nunua kwa kampuni.

Watu wanaamini pia kwamba bei inashuka Jumanne usiku. Ndege inagawanya viti vyake katika madaraja ya bei. Vya chini vikiisha, vinabaki vya juu, hata kama viti vinafanana na soda ni ile ile. Ndiyo maana mwezi wa kumi na mbili, na wakati wa likizo za mwezi wa saba na wa nane, anayechelewa analipa sana. Kwa kawaida kuwahi majuma kadhaa kunasaidia kuliko usiku wowote wa pekee. Lakini tiketi ya daraja la chini kabisa ndiyo yenye masharti makali: hairudishwi, haibadilishwi, ao inabadilishwa kwa faini kubwa. Katika mji ambao mpaka unaweza kufungwa bila tangazo, ningelipa dola hamsini zaidi kwa tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe, na ningeanzia Kigali kwa tiketi moja hadi mwisho wa safari. Anayekwenda Mumbai ao Dubai, na ana ndugu Kampala wa kumlaza, apige pia hesabu ya Entebbe, akiweka ndani yake basi, chakula na usiku wa njiani kwenda na kurudi.