Barua ya Wazi kwa Bunge la Taifa la Kenya: Juu ya Muhula Uliokwisha wa Uraia wa Wahamiaji wa Zamani

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Taifa, Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Msambweni, Kaunti ya Kwale, juu ya watu ambao babu zao waliingia nchi hii kabla haijawa na forodha ya kuwauliza hati, na ambao hata leo wangali wakihesabiwa wageni katika vijiji walimozaliwa. Mimi ni raia kwa kuzaliwa, wala sina haja yangu mwenyewe ninayoiombea katika barua hii. Lakini nimekaa na watu hawa, tumeozana na kuzikana, na wengi wao huniletea karatasi zao niwasomee, na kwa sababu hiyo nimeona kuwa ni dhima yangu kuyanena yale ambayo wao, kwa kuchelea kuulizwa kitambulisho njiani, hawathubutu kufunga safari kuja kuyanena mbele yenu.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji, iliyoanza kutumika tarehe 30 Agosti 2011, iliweka katika vifungu vyake vya 15, 16 na 17 njia ya insafu kwa watu wa namna tatu: asiye na dola yoyote anayoweza kuidai kuwa ni yake, naye ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, mhamiaji aliyeingia kwa hiari yake kabla ya siku hiyo, naye hana pasipoti wala hati ya utambulisho ya nchi nyingine, na wana wa hao wawili waliozaliwa hapa na kutimiza utu uzima. Masharti yake yalikuwa ya kiasi, kwani muombaji alitakiwa ajue Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, akusudie kukaa Kenya daima, na afahamu haki na wajibu wa raia. Naona fahari kuwa Bunge letu liliandika maneno hayo. Lakini mkono ule ule uliofungua mlango uliuwekea muhula: maombi yaletwe katika miaka mitano, ambayo Waziri aliruhusiwa kuizidisha kwa mitatu, nayo ikazidishwa, na mwezi wa Agosti 2019 ikamalizika. Tangu hapo mtu aweza kutimiza kila sharti lililoandikwa, akaijua lugha hii kuliko karani anayemhoji, asiwe amewahi kushtakiwa hata kwa kosa la kuku, na bado asipate mahali pa kulipeleka ombi lake, si kwa kuwa hastahiki, bali kwa kuwa tarehe imepita.

Nataka mzingatie, Waheshimiwa, kuwa huu ulikuwa muhula wa pili. Katiba ya uhuru ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya; wengine waliostahiki wakapewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Mkata mkonge aliyetoka Msumbiji katika miaka ya 1930, akawa analala katika kambi ya shamba na kulipwa kwa kipande, hakuwa na wa kumweleza habari ya miaka miwili hiyo. Mwanawe naye, katika ile minane ya baadaye, alikuwa na redio, lakini hakuwa na nauli, wala hakuwa na karatasi za kuthibitisha kuwa baba yake alifika kabla ya uhuru, maana sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu asiye na hati ilimdai hati kama ushahidi.

Lililowafikisha Wamakonde, wana na wajukuu wa wakata mkonge kama huyo, kwenye haki yao lilikuwa miguu yao. Oktoba 2016 waliondoka hapa Kwale, wazee kwa vijana, wakashika njia ya Nairobi kwa miguu, mpaka wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta, ambaye aliwaomba radhi kwa kuchelewa huko kote na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Nao wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Wakafuata Washona, waliokuja kutoka Rhodesia pamoja na kanisa lao, na ambao uraia wao ulitangazwa siku ya Jamhuri ya mwaka 2020 na shahada zao kutolewa Julai 2021, pamoja na za watu wenye asili ya Rwanda. Kisha Wapemba, ambao Rais William Ruto aliwakabidhi hati zao kule Kilifi mwezi wa Julai 2023. Nilifurahi kwa kila moja la matukio haya, na ninawashukuru wote walioyafanikisha, wakiwemo wabunge wa Pwani na mashirika yaliyowatetea watu hawa bila kuchoka.

Hata hivyo, mwangalie jinsi jambo hili lilivyopitia. Kila mara lilitoka katika kauli ya Rais, mara mbili likatokea katika hafla mbele ya halaiki, na kila mara lilikwenda kwa kabila zima. Hisani ya mtawala ni neema, na mwenye kuipata na aipokee kwa mikono miwili, ila haki ya raia haifai kungojea hisani. Je, mjukuu wa mtu aliyetoka Rwanda kuchuma chai Kericho, ambaye siku ya kuandikwa majina alikuwa kibaruani Taveta, atatangaziwa lini? Mwana wa Mrundi na mama wa Kikongo aliyezaliwa Mombasa, asiye na jumuiya wala mzee wa kumsemea, aandamane na nani? Mpemba ambaye kusi ilimzuilia kisiwani siku maafisa walipofika kijijini, amekosa nini? Mtu mmoja mmoja kama hawa ndio wanaoihitaji sheria, kwa sababu hawana wingi wa kuandamana, wala kura ambazo mgombea angezitamani.

Na sasa niingie katika tarehe yenyewe ya 12 Desemba 1963, ambayo kwetu sisi wa Mwambao ina maana ambayo huenda bara haionekani. Tangu mapatano ya 1895 mpaka siku ile ya 12 Desemba 1963, kanda hii ya maili kumi, kuanzia Vanga mpaka Kipini, ilikuwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Mwingereza ndiye aliyeitawala kama himaya, na bendera nyekundu ikipepea Fort Jesus. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akashukia Shimoni au Ngomeni katika miaka hiyo hakuhama ufalme. Alitoka katika nchi ya Sultani akaingia katika nchi ya Sultani yule yule. Mapatano ya Oktoba 1963 yalipoiingiza kanda hii katika Kenya, ardhi ilibadili dola ilhali yeye amelala usingizi nyumbani kwake, na wajukuu zake ndio walioulizwa baadaye walivuka lini.

Mwezi mmoja kamili baada ya ile 12 Desemba, usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, yakawa mapinduzi ya Unguja, na majahazi na mashua yakawaleta watu pwani hii kwa hofu ya maisha yao. Hao ni wahamiaji wa kweli, sikatai; lakini sasa wamekaa hapa zaidi ya miaka sitini, waliofika wakinyonya wamekuwa wakongwe, na kifungu cha 16 kinawafungia nje kwa sababu ya wiki chache. Ikiwa makusudio ya sheria ni kumtambua mtu aliyekwisha kuifanya Kenya kuwa kwao, basi tarehe ya bendera si kipimo cha jambo hilo. Ipimwe miaka aliyokaa.

Nitawapa habari ya mmoja tu, nisimtaje jina kwa kuwa hajaniruhusu. Ni mama karanga. Asubuhi hununua dagaa na tasi kwa wavuvi, hukaanga kando ya bandari, na jioni huuza kwa wanaoshuka matatu. Alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa. Jina lake halikuwamo katika orodha iliyosomwa ya waliopewa uraia, na alipouliza aliambiwa angoje. Laini ya simu anayopokelea fedha imesajiliwa kwa jina la jirani, kwani bila kitambulisho haisajiliwi. Simu yake ilipotumbukia majini, laini mpya haikuweza kutolewa ila kwa jirani huyo mwenyewe, naye alikuwa amekwisha kwenda Lamu kufanya kazi; mtaji wake wote ukakaa ndani ya laini hiyo mpaka jirani aliporudi, na mama huyu akawa anakopa mafuta ya kukaangia kwa riba. Bima ya afya hana kwa jina lake. Kikundi cha akina mama kilipofungua akaunti ya benki alichanga kama wenziwe, ila jina lake halimo miongoni mwa wenye kutia sahihi. Mwanawe wa kiume ni baharia hodari, lakini leseni ya uvuvi huombwa kwa kitambulisho, basi huenda baharini chini ya leseni ya mwingine na kugawana naye mapato. Haya ndiyo maisha ya mtu anayengoja Bunge: hakuna siku anayofukuzwa, na hakuna siku anayotulia.

Hapo ndipo linapokuja jambo la watoto, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 14, inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa mtoto aliyeokotwa Kenya, mwenye umri wa chini ya miaka minane, ambaye wazazi wake hawajulikani. Ni kanuni ya rehema. Lakini mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya serikali, mkunga akashuhudia, wazazi wake wakajulikana kwa majina na kwa nyumba, ikiwa wazazi hao hawana dola, hana kifungu kinachomsaidia. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua, katika shauri la watoto wa Kinubi, kuwa Kenya imekiuka haki ya mtoto ya kupata uraia tangu kuzaliwa; na Oktoba 2019, mjini Geneva, wajumbe wa serikali yetu waliahidi mbele ya mataifa kuiondoa hali hii ya watu kukosa dola. Ahadi ya serikali huhitaji sheria, na sheria hutungwa nanyi.

Ninajua hoja zinazopinga, na sizidharau. Yupo anayehofia usalama wa nchi. Naye nitamjibu kuwa mtu aliyeandikwa, akatoa alama za vidole na kuapa, anajulikana kuliko mtu aliyefichwa nyuma ya laini ya jirani. Yupo anayehofia kura. Lakini hofu iliyo kubwa kwetu Pwani ni ya ardhi, na ina asili yake: wapo Wadigo na Wagiriama waliozaliwa juu ya mashamba ya mababu zao ambao mpaka leo huitwa maskwota, wakisubiri hatimiliki, na mtu wa namna hiyo akisikia kuwa mwenye asili ya ng'ambo amepewa hati, hata ikiwa ni hati nyingine kabisa, moyo wake huingia uchungu. Uchungu huo ni wa haki na una dawa yake, nayo ni kuwapa watu hao hatimiliki zao. Kitambulisho hakimpi mtu hata hatua moja ya shamba, na kumnyima mama karanga chake hakujampa Mdigo yeyote ekari.

Basi haja yangu ni hii: rekebisheni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ili vifungu vya 15, 16 na 17 vipokee maombi bila muhula, wekeni miaka ya ukaazi mahali pa tarehe ya 12 Desemba 1963, ruhusuni ushahidi wa kiapo wa wazee wa mtaa, wa imamu au mchungaji, na wa naibu wa chifu, pale ambapo karatasi hazikuwahi kuwapo, na mwandikeni raia tangu kuzaliwa mtoto yeyote azaliwaye Kenya ambaye bila hivyo hana dola. Ada na iwe ile awezayo kuilipa mvuvi.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuleta ardhilhali mbele ya Bunge kuomba sheria itungwe au ibadilishwe. Haikusema kila raia, imesema kila mtu. Kwa hiyo, kamati yenu itakapoanza kusikiliza maoni, nawaombeni isikilize hapa Kwale, na Kilifi, na Taveta, na Kericho, na itangaze mapema kwa Kiswahili misikitini, makanisani na bandarini kuwa anayetaka kusema hatadaiwa kitambulisho mlangoni. Tutawaandalia ukumbi na mikeka, na mashahidi wako tayari, wakiwemo wakongwe ambao hawataweza kungoja Bunge lijalo.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Msambweni, Kwale