Kelele ya Mashine Izimwe Kwanza Penye Mashine

Kelele ni miongoni mwa madhara ambayo watu wameyazoea hata wakasahau kuwa ni madhara. Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, taarifa huandikwa siku hiyo hiyo. Akipoteza uwezo wa kusikia kidogo kidogo kwa miaka kumi, huambiwa kwamba anazeeka.

Kwa sababu hiyo, ufundi wa kuzima kelele kwa sauti nyingine unastahili kuelezwa kwa makini, maana wauzaji wamekwisha kuusifu kupita kiasi. Wazo lenyewe si geni. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936. Sauti ni mawimbi ya hewa inayobanwa na kulegezwa. Pale hewa inapobanwa, spika ikiilegeza kwa kiasi kile kile na wakati ule ule, mawimbi hayo mawili huuana. Lakini muungurumo wa feni hubadilika kila mara kwa joto na kwa mwendo wa injini, na spika ikikosea wakati huongeza kelele badala ya kuipunguza. Ndiyo maana hataza hiyo ilikaa miaka mingi bila faida kubwa.

Mwaka 1960 Bernard Widrow na Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza hesabu ya chujio linalojirekebisha. Katika bomba la feni, kinasa sauti cha kwanza husikia kelele inayokuja, chujio hukokotoa, na spika hutoa sauti ya kinyume. Kinasa sauti cha pili husikia kilichobaki, na chujio hujisahihisha kwa kosa hilo, maelfu ya mara kwa sekunde. Laiti kila mwanafunzi angesahihisha daftari lake hivyo! Kompyuta ndogo zenye kasi ya kutosha zilipopatikana, ufundi huu ukaingia miaka ya 1990 katika vyumba vya abiria vya ndege za propela za Saab. Aliyelipa nauli akapata utulivu mapema. Fundi wa karakana aliendelea kungoja.

Hata hivyo, fundi huyo asipewe tumaini la uongo. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, na kulinyamazisha kwa spika ni jambo la maana, kwani kulizuia kwa kuta pekee hudai kuta nzito sana. Wimbi la mitetemo 4,000 halifiki sentimita 9; kichwa kikisogea kidogo tu hesabu huharibika. Na ni karibu na mitetemo hiyo ambapo uziwi wa kazini huanza kuonekana. Mlio wa msumeno na wa nyundo juu ya bati hauzimwi kwa spika iliyotundikwa ukutani.

Basi mkuu wa kazi anayeletewa karatasi ya kununua vifaa hivyo aulize kwanza kama beringi zimetiwa grisi, kama mashine imewekewa mpira chini, kama yaweza kuzungushiwa ukuta. Apime pia: nchi nyingi huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Hedifoni zije baada ya hayo, na bei yake isikatwe katika mshahara wa mvaaji.